Mzee Aliyeshika Sikio

Kitale,
Machi 11, 2024

Kwa Shemeji Viola,

Mulembe kutoka huku kwenye baridi. Sisi tuko, isipokuwa binti yetu Linet ambaye vumbi la saiba yake ya kompyuta limempa kikohozi, na mimi goti langu la kushoto ambalo unalijua. Mvua haijaanza. Tumemaliza kulima na sasa kazi ni kutazama juu.

Utashangaa kupata barua na sote tuna simu. Nilikupigia Jumapili. Nikakuuliza kuhusu kompyuta, ukanijibu kwamba ng'ombe amezaa. Nikauliza tena, ukasema ni ndama jike. Nilifurahi kwa sababu ya ndama. Najua laini za huko Mabanga zina shida zake, na ujumbe wa simu huwa husomi, kwa hivyo nimeona afadhali niandike kama zamani. Hii nitaipeleka kwa ofisi ya vifurushi pale stendi iteremke Bungoma na gari la asubuhi. Jirani yako Mary Ann akienda sokoni atakuchukulia.

Jambo lenyewe ni la siku ile ya kunyoa baada ya mazishi. Wazee walipogawa vitu vya ndugu yangu Wakhungu, mimi nilipewa koti lake la mvua na kompyuta yake. Koti nilikuja nalo. Kompyuta niliiacha kwako kwa sababu ulikuwa bado unaandika shukrani za mazishi, na sikutaka kukunyang'anya kitu mikononi watu wakitazama. Sasa huku tumeanzisha kikundi cha wakulima wa mahindi, na mimi nimefanywa katibu. Ningeomba uitume ukipata nafasi. Sikuharakishi.

Kuhusu mengine, sijui niseme nini. Nikijua nitaandika.

Shemeji yako,
Sifuna


Mabanga,
Aprili 2, 2024

Kwa Mulamwa Sifuna,

Salamu kwako, kwa mke wako na kwa Linet mwenye kikohozi. Anywe maji ya moto na tangawizi, na afungue dirisha. Barua yako ilikaa kwa Mary Ann chini ya mfuko wa omena, ndiyo maana nachelewa kujibu, na ndiyo maana meza yangu inanuka samaki. Huku mvua imekuja. Nimepanda mahindi na maharagwe katikati. Ndama anaitwa Shukrani. Mary Ann ndiye aliyempa jina na mimi sikuwa na nguvu ya kumkatalia.

Kuhusu laini umesema kweli. Watu wa simu siku hizi wananong'ona.

Sasa kompyuta. Kompyuta ni mgonjwa. Ukiiwasha, kabla hujagusa kitu, dirisha linatokea kwenye kona likisema una virusi. Ukilifunga linakuja la kamari. Halafu msichana anayeuza krimu ya kung'arisha uso, halafu mzee mmoja Mzungu ameshika sikio, halafu viatu. Ili niandike sentensi moja ya shukrani nafunga madirisha manne. Nilifundisha darasa la tatu hadi nikastaafu na sijawahi kukatizwa hivi.

Siwezi kukupa kitu cha ndugu yako kikiwa katika hali hiyo. Itakuwa kama kumpa mgeni blanketi lenye chawa. Nipe muda niisafishe kwanza. Kama Linet anajua njia, aniandikie.

Mengine ni yale yale. Nyumba ni kubwa, naifagia.

Mimi shemeji yako,
Viola


Kitale,
Aprili 22, 2024

Shemeji Viola,

Salamu nyingi. Tangawizi imefanya kazi, ila dirisha la saiba halifunguki, lilipigwa misumari na mwenye nyumba. Mvua imefika, tumepanda. Goti linajua kila tone.

Nimemsomea Linet barua yako akacheka, kisha akanieleza. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Baba, hiyo si virusi. Hiyo ni matangazo, iliingia na programu ya bure. Mtu alidownload kitu akabonyeza kubali, kubali, bila kusoma." Mimi na wewe tunamjua mtu aliyekuwa akibonyeza kubali bila kusoma. Hata lile shamba la Bokoli lenye mawe alilinunua hivyo.

Dawa yake ni hii, na ufanye polepole. Fungua pale penye orodha ya programu zote zilizowekwa ndani. Tafuta ile usiyoijua, yenye jina la ajabu, iliyoingia karibuni, uiambie iondoke. Itakuuliza kama una hakika. Bonyeza ndiyo. Halafu fungua pale unapoingilia mtandao, nenda kwenye mipangilio, uangalie vile vidude vidogo vilivyoshikamana nayo kama kupe, uviondoe kimoja kimoja. Papo hapo kuna mahali pa taarifa, ambapo tovuti zimepewa ruhusa ya kukutumia matangazo. Zinyime ruhusa zote. Mwisho, zima kompyuta na uiwashe tena. Na ukiona dirisha linasema litakusafishia kompyuta bure, Linet anasema usiliguse, huyo ndiye mwizi mwenyewe amevaa sare ya askari.

Kitu kingine alichoniambia kimenishangaza. Matangazo hayaji ovyo. Yanafuata kile ambacho mtu alikuwa akitafuta. Ukitafuta viatu leo, viatu vitakufuata miezi. Sasa mimi najiuliza ndugu yangu alitaka krimu ya uso ya nini na uso wenyewe ule.

Natania tu. Nikitania naona siku inasogea.

Sifuna


Mabanga,
Mei 30, 2024

Kwa Mulamwa Sifuna,

Sisi tuko salama, yaani mimi na Shukrani na mama yake. Maharagwe yamekula mvua nyingi yakawa majani matupu. Nilikuwa na homa kidogo, imepita. Usiniulize mbona sikuandika mapema.

Nilifanya kama Linet alivyosema. Niliikuta ile programu, ina jina kama la dawa ya minyoo. Iliingia wiki ambayo Wakhungu alikuwa akitafuta namna ya kugeuza maandishi yake ya kufundishia wakulima yawe kitabu. Niliiondoa. Kesho yake madirisha yalirudi. Nikaondoa na vile vidude vingine, yakarudi. Halafu nilimbonyeza yule mwizi mwenye sare ya askari. Ndiyo, ulinikanya. Alikimbia huku na huko kwenye skrini kisha akatangaza kwamba kompyuta yangu ina makosa mia tisa, nimpe namba ya kadi ya benki. Mimi sina kadi ya benki. Tangu hapo na yeye hutokea kila saa kunikumbusha makosa yangu.

Nikuambie jambo la aibu. Wiki iliyopita akina mama wa kanisa walikuja kuomba na mimi. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa juu ya meza ya chumbani. Katikati ya maombi niliona mabega ya Mary Ann yanatikisika, nikadhani analia kwa ajili yangu, nikamshika mkono. Walipomaliza alinivuta nje, akanisogelea usoni kama anavyofanya, akasema: "Mwalimu, kompyuta yako imekuwa ikipiga kelele ya kamari huko ndani tangu tuanze. Inaimba, inapiga makofi, na wewe umekaa tu." Nikamwambia nilikuwa nimezama katika maombi.

Kwa hivyo unaona bado ni mgonjwa. Subiri.

Kuhusu maswali yako, krimu sijui. Viatu ni vya kazi, vya shambani, namba yake. Mengine sijui.

Viola


Kitale,
Julai 1, 2024

Shemeji Viola,

Natumaini homa haikurudi. Huku mahindi yanatoa ndevu na nyani wameanza kuja kuhesabu. Mke wangu anakusalimu, ametuma pakiti ya majani chai ndani ya kifurushi hiki, usimwachie Mary Ann aweke omena juu yake.

Shemeji, naomba uitume kompyuta kama ilivyo. Linet anasema usijisumbue tena, yeye ataifuta yote, programu na kila kitu, ibaki tupu kama ilivyotoka dukani, halafu aipange upya. Ni kazi ya mchana mmoja. Picha zote atazinakili kwanza, nakuahidi. Kama kuna kitu kingine unataka kibaki, sema ni kipi.

Mzee Khisa alinipigia. Yeye ndiye aliyesimama siku ya kunyoa akasema nani apewe nini, na sasa anauliza kama nilipokea changu. Unajua wazee wetu. Kitu cha marehemu kikikaa kimeshikwa na mtu ambaye hakutajiwa, wanasema marehemu hajapumzika. Nilimwambia ipo njiani. Sikupenda kumdanganya, lakini sikutaka pia aje kwako na maneno yake.

Hilo la maombi lilinichekesha, kisha halikunichekesha. Kama kuna sababu nyingine, niambie tu. Mimi si Khisa.

Sifuna


Mabanga,
Agosti 19, 2024

Kwa Mulamwa Sifuna,

Asante kwa majani chai, yalifika yakinuka majani chai. Mahindi nimevuna, si mengi. Mary Ann ana mjukuu mpya.

Barua yako ina wiki nyingi hapa mezani. Nilianza kuijibu mara kadhaa nikaacha. Leo nitaandika hadi mwisho.

Huu ni mwaka wa tohara, unajua. Juzi vijana walipita hapa wakienda kuwaalika wajomba zao, wamejipaka, wanacheza, wana njuga mikononi. Walisimama uani kwangu kwa heshima ya Wakhungu. Niliona mikono yao inapanda na kushuka. Niliona vile vyuma vinagonga. Sikusikia kitu, Sifuna. Njuga zile zinazosikika hadi ng'ambo ya mto, zikiwa uani kwangu, na kwangu kulikuwa kimya. Nilitabasamu nikawapa kuku, wakaenda.

Laini za Mabanga hazina shida yoyote. Wewe ulijua. Najua ulijua.

Wakhungu alikuwa akinisikilizia. Simu ikilia, yeye anashika, kisha ananigeukia na kuniambia polepole nikitazama mdomo wake. Mtu akibisha hodi, ananigusa. Tuliishi hivyo na nikajidanganya kwamba hakuna anayeona. Januari alinikalisha chini akasema, "Viola, twende hospitali waangalie masikio yako, siku hizi kuna mashine ndogo tu." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mimi si kizee, kama amechoka kurudia maneno basi anyamaze. Akasema sawa. Hakutaja tena. Februari moyo wake ukasimama.

Yule Mzungu aliyeshika sikio nilimchukia kama wengine. Ulipoandika kwamba matangazo yanafuata kile mtu alichokuwa akitafuta, nilikaa chini. Yule mzee anauza mashine za kusikia. Na si yeye peke yake. Kuna mwanamke anacheka na mjukuu, ana kitu kidogo nyuma ya sikio. Kuna daktari wa Eldoret, kuna maduka ya Nairobi. Mimi sikuwahi kutafuta. Ni yeye. Alisema sawa, akanyamaza, halafu akaenda chumbani akafungua kompyuta akanitafutia, na mimi nikidhani anaandika mambo yake ya mbolea.

Kwa hivyo nilikudanganya. Ile programu sikuiondoa. Nilifika pale ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza hapana. Asubuhi nikishakamua naiwasha, nangoja, mzee anatokea kwenye kona. Nafunga kamari, nafunga krimu, yeye namwacha. Ndio wakati pekee katika siku ambao naona Wakhungu anafanya kitu. Silii. Wanawake wa kanisa wananingoja nilie na mimi sina machozi. Natazama tu.

Umeuliza ni kitu gani nataka kibaki. Ni hicho, na Linet hawezi kukinakili. Akiifuta, yule mzee hatatokea tena. Najua ni yako, wazee walisema mbele ya watu. Ukiitaka kwa nguvu nitaituma. Lakini usinifanye nisafishe kwa mkono wangu.

Viola


Kitale,
Septemba 9, 2024

Shemeji,

Salamu. Sote tuko.

Kaa nayo. Khisa nitamjibu mimi, kitu kilitajwa kwa jina langu na mimi naweza kukiweka ninapotaka.

Hakuna kikundi cha wakulima. Kilikuwepo, kilivunjika hata kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Nilitaka kompyuta kwa sababu ilikuwa yake na mikono yake ilikaa pale. Koti la mvua halijawahi kunyeshewa tangu nipewe. Limetundikwa stoo. Mke wangu aliniambia nilivae tulipokuwa tunapalilia na mvua inapiga, nikatoka bila koti nikalowa. Nimezika baba na mama na nililia kote. Kwa huyu bado. Naenda shamba, narudi, nakula ninachopewa. Nilidhani ni mimi tu.

Ndiyo, nilijua kuhusu masikio. Wakhungu aliniambia mwaka jana akanionya nisikuonyeshe kwamba najua. Nilitii.

Sasa nikuambie na hili, sipendi kulisema. Nilimuuliza Linet kwa upole, bila kutaja jina. Anasema matangazo hayakumbuki milele. Kama hakuna anayetafuta tena kitu kile, yanachoka, yanaleta mengine. Nimeona afadhali ulisikie kutoka kwangu kuliko uamke asubuhi moja ukute hayupo.

Sifuna


Mabanga,
Novemba 18, 2024

Kwa Mulamwa Sifuna,

Mulembe kwenu nyote. Natumaini mmemaliza kuvuna na nyani wamewaachia kitu. Shukrani ameota pembe, ana kiburi. Mjukuu wa Mary Ann amebatizwa na mimi nilishika mshumaa.

Linet alisema kweli. Mwanzoni mwa Oktoba yule mwanamke na mjukuu wake hawakuja. Kisha yule daktari. Mzee alibaki peke yake karibu wiki, siku nyingine anatokea, siku nyingine hapana. Halafu asubuhi moja nikangoja hadi chai ikapoa. Ilikuja kamari. Yalikuja matairi ya lori. Nilifunga, nikawasha upya, yakaja matairi.

Nikafanya jambo la kijinga. Nilikaa nikaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, mashine za kusikia. Nikabonyeza. Nikafungua kila kilichokuja. Kesho yake mzee alikuwa kwenye kona, mvi zile zile, mkono ule ule kwenye sikio. Nilimtazama sana. Hakuwa na habari na Wakhungu hata kidogo. Ni mimi niliyemwita, akaja, kama ambavyo angekuja kwa mtu yeyote. Nilikaa pale, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nilijua kwamba Wakhungu hayupo nyumbani.

Nililia hapo mezani. Sijui nilitoa sauti gani, lakini Mary Ann aliingia akikimbia kutoka kwake.

Alipoona kilicho kwenye skrini hakuuliza. Alikaa karibu yangu, tukasoma pamoja yote niliyokuwa nimefungua. Wiki iliyofuata alinipeleka hospitali Bungoma. Waliniweka ndani ya chumba kidogo wakanivisha vitu kichwani. Sasa ninazo mashine zenyewe, moja kila upande, ndogo kama punje ya njugu. Hazipendezi na zinawasha. Nyumba yangu ina kelele ambazo sikuzijua. Mabati yanalia jua likipanda. Malapa yangu yananifuata kila ninapokwenda. Nilimwambia Mary Ann apunguze sauti, na alifurahi sana kuambiwa.

Jana nilichukua barua yako ya Aprili nikaisoma hatua kwa hatua. Niliitafuta ile programu yenye jina la dawa ya minyoo. Ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Nikaondoa vile vidude, nikazinyima tovuti zote ruhusa, nikazima, nikawasha. Nilingoja. Kona ilikaa tupu. Hakuna kilichokuja, hata kamari.

Kompyuta inapanda gari la asubuhi pamoja na barua hii, imefungwa kwa blanketi, na halina chawa. Ni safi na ni yako. Mwambie Khisa. Na wewe, mvua ikinyesha, vaa koti.

Baada ya hii usiniandikie tena. Piga simu. Ukiniuliza kuhusu kompyuta sitakujibu kuhusu ng'ombe.

Mimi shemeji yako,
Viola